Ordinatere za zamani: kabla ya kutafuta ingine, fungua kwanza ile uko nayo

Toka mwezi wa kumi mwaka 2025, ordinatere nyingi katika miji yetu zinatoa ujumbe mmoja ku ekra: msaada wa Windows 10 umeisha. Wengine wanabonyeza tu ili ujumbe uondoke, kazi inaendelea. Wengine wameogopa. Mama mmoja mwenye sekretariati karibu na soko, hapa Butembo, alitufikia ku radio na swali fupi: "Sasa mashini yangu inakufa?" Fundi alikuwa amemwambia: "Hii ilishaisha, mama, tafuta ingine tu." Ingine ilikuwa dola 180, na dola hizo alikuwa amezitunza kwa ajili ya minerval ya watoto.

Swali lake ni la watu wengi. Ni la prefe mwenye ordinatere sita katika chumba cha informatike, la infirmier mwenye kuandika rapoti ya kila mwezi, la komine yenye kuchapa vyeti, na ni letu pia ku studio. Tumefuatilia jambo hili kwa wiki kadhaa. Tulichoona ni kwamba watu wanachanganya mambo matatu: ujumbe wa Microsoft, uzito wa mashini, na ugonjwa wa vyuma vyake. Kila moja iko na dawa yake, na bei yake haifanane.

Nini kilitokea tarehe 14 mwezi wa kumi

Windows 10 ilitoka mwaka 2015. Kwa miaka kumi kampuni ya Microsoft ilikuwa inatuma kila mwezi marekebisho ya kuziba matundu ambayo wezi na virusi wanapitia. Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025 kazi hiyo ilisimama. Mashini haikuzimwa. Inawaka, inaandika, inachapa kama jana. Lakini kila tundu jipya ambalo litaonekana litabaki wazi.

Microsoft inaomba watu wapite kwa Windows 11. Shida ni kwamba Windows 11 inachagua mashini. Inaomba memori isiyo chini ya GB 4, diski isiyo chini ya GB 64, kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na prosesa iliyo katika orodha yao. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo inaanza karibu na jenerasio ya 8, ile ya mwisho wa 2017. Iliyo chini ya hapo inakataliwa, hata kama bado iko na nguvu.

Hapa ndipo mama yetu alikuwa karibu kupoteza pesa. Tulimuomba aturudishie jina la prosesa ya ile mashini "mpya" ya dola 180. Ilikuwa i5-6500. Namba ya kwanza nyuma ya kile kistari inaonyesha jenerasio: 6500 ni ya 6, 8500 ni ya 8, na 10400 ni ya 10. Ile ya dola 180 ilikuwa basi ya jenerasio ya 6, na Windows 11 inaikataa pia. Angetoa minerval ya watoto, halafu ujumbe ungemfuata mpaka ku mashini ya pili.

Sehemu kubwa ya ordinatere za meza tunazonunua hapa ni za mutumba. Zimetumika Ulaya, Marekani ao Dubai, zikapita Kampala, zikaingia kwa Kasindi. Biro za kule zinaziacha sababu Windows 11 imezikataa. Tutegemee basi kuziona nyingi zaidi katika magazini, na bei yenye kuvutia. Muuzaji hatakwambia jenerasio. Uliza wewe mwenyewe.

Hatari iko wapi kwetu

Kuna wenye kusema: sisi hatuna intaneti ya kila saa, nani atatushambulia? Jibu ni flashi. Katika sekretariati moja, kwa siku moja, flashi za wanafunzi, za walimu, za pasta na za watu wa ONG zinapita katika mashini ileile. Virusi haviulizi kama uko na megabayiti. Vinapanda flashi, vinashukia kwa mwingine.

Tukumbuke WannaCry, ya mwezi wa tano 2017. Virusi hivyo vilifunga mafishi ya watu katika inchi zaidi ya 150, vikaomba dola 300 kwa kila mashini. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya tundu lile miezi miwili mbele. Walioumia ni wale ambao mashini zao hazikuipokea. Toka 2025, ordinatere ya Windows 10 isiyopokea dawa iko katika hali ile.

Na katika mashini zetu hamna tu michezo na miziki. Kuna pointi za wanafunzi, majina ya wanaoenda kufanya egzame ya serikali, mikataba ya viwanja, barua za waliokimbia vita wakaacha karatasi zote kijijini. Kwa watu hao, nakala iliyo ndani ya sekretariati ya avenii inaweza kuwa ndiyo pekee iliyobaki. Kwa hiyo, mbele ya kufanya lolote ku mashini ya zamani, kazi ya kwanza ni kunakili mafishi kwa diski ya inje ao flashi safi, na kuiweka fasi ingine. Fundi akianza kufungua visi mbele ya kukuuliza juu ya mafishi, umsimamishe.

Ordinatere ya studio yetu

Tusiwafundishe wengine bila kusema yaliyotupata. Ordinatere tunayotumia kwa kukata sauti za habari ni ya mwaka 2012, jenerasio ya 3, memori GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500. Ilikuwa inachukua dakika karibu saba ili iwake. Saiti za intaneti zilikuwa zinakataa kufunguka. Na katikati ya kazi ilikuwa inazima peke yake. Siku moja ilizima robo saa mbele ya habari za jioni, na msomaji alisoma habari bila sauti hata moja ya watu tuliokuwa tumehoji. Wote tulisema: imekufa.

Fundi kijana aliyekuja hakusema hivyo. Alianza na maswali: inazima kisha dakika ngapi? Ukiiwasha asubuhi, saa na tarehe ziko sawa? Inatoa mlio? Kisha akafungua kasha, akaenda pole pole, kitu kimoja kimoja.

Tarehe ilikuwa inarudi kila asubuhi ku mwaka 2012. Hiyo ni dalili ya pile ndogo ya ku karte mere, ile ya mviringo ya volti 3, namba CR2032. Ikiisha, mashini inasahau saa. Na saa ikiwa ya uongo, saiti nyingi zinakataa sababu cheti chao cha usalama kinaonekana si cha wakati ule. Sisi tulikuwa tunalaumu intaneti. Dawa ilikuwa pile ya dola moja.

Kuzima katikati ya kazi: ventilateri ilikuwa imejaa vumbi jekundu la barabara mpaka haionekane, na ule ugoro wa kupooza ulio kati ya prosesa na chuma chake ulikuwa umekauka kama udongo. Prosesa ikipata joto sana, mashini inajizima ili isiungue. Alipuliza vumbi inje, akapangusa, akaweka ugoro mpya. Ilibaki mutumbo wa umeme, alimantasio. Aliunusa kama kuna harufu ya kuungua, akachunguza ku karte mere kama kuna vile vidude vya mviringo vilivyovimba kichwa. Hakuona. Vingekuwa vimevimba, tungejua kwamba ugonjwa ni mzito zaidi.

Memori alizitoa, akasugua meno yake ya rangi ya dhahabu na gome ya mwanafunzi, akarudisha. Tulicheka, lakini mashini nyingi ambazo zinalia bip-bip bila kuonyesha kitu zinaponea hapo. Diski alipima na programu ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo, yenye kusoma afya ya diski. Yetu ilikuwa imeanza kuharibika. Dakika zile saba zilitoka humo.

Kuongeza nini, na kwa nini sasa

Ndugu msomaji, kama uko na pesa ya kitu kimoja tu, nunua SSD. Diski ya zamani iko na sahani inayozunguka na kichwa kinachotafuta fishi huku na kule. SSD haina kitu cha kuzunguka, inapata fishi mara moja. Hata ku mashini ya 2012 tofauti inaonekana siku ileile. Yetu sasa inawaka chini ya dakika moja.

Kitu cha pili ni memori. GB 4 ni kidogo kwa intaneti ya leo. GB 8 zinatosha kwa kuandika, kuchapa na kukata sauti. Lakini angalia mambo mawili. Memori ziko za aina: DDR2, DDR3, DDR4. Hazibadilishani, hata tundu lake haliko fasi moja, kwa hiyo peleka ile ya zamani mkononi wakati unaenda kununua. Na Windows ya biti 32 haioni zaidi ya GB 4. Ukiongeza memori bila kubadilisha mfumo, umetupa makuta.

Haya ndiyo tuliyolipa: SSD ya GB 240 dola 28, memori ya mutumba ya GB 4 dola 10, pile dola 1, kazi ya fundi dola 10. Jumla dola 49. Ni karibu robo ya bei ya ile mashini ya dola 180. Bei zinaweza kuwa tofauti Bunia, Uvira ao Kalemie, lakini hesabu inafanana.

Jambo moja linalazimisha watu wafikiri haraka. Toka mwisho wa 2025, bei za memori zimepanda duniani. Makampuni yenye kujenga akili bandia yanazinunua kwa wingi, na viwanda vinapenda kuuzia hao kuliko kuuzia mimi na wewe. Mwezi wa kumi na mbili 2025, kampuni ya Marekani Micron ilitangaza kwamba inaacha Crucial, chapa yake ya memori na SSD za watu wa kawaida. Matokeo kwetu ni mawili. Kwanza, SSD na memori hazitashuka bei kesho, kwa hiyo anayengoja anaweza kulipa zaidi. Pili, zile ordinatere zilizokufa ku kona ya masomo na biro ziko na mali ndani. Memori ya DDR3 iliyo katika mashini iliyoungua alimantasio inaweza kuponya ya jirani yake. Masomo yenye ordinatere sita, tatu zikiwa zimekufa, inaweza kupata tatu nzuri bila kununua hata memori moja.

Bei ikipanda, wadanganyi nao wanafika. Kuna flashi na SSD zenye kuandikwa GB 512 inje, ndani hazifike hata GB 32. Ukijaza, mafishi ya mbele yanapotea. Omba muuzaji aipime mbele yako na programu ya kupima kama H2testw, ao mwandikishiane kwamba utairudisha. Kipimo kinachukua wakati, lakini muuzaji wa kweli hakatai.

Mfumo gani wa kuweka

Vyuma vikisha kupona, swali la Windows 10 linabaki. Tumeona njia tatu.

Ya kwanza: Microsoft imeongeza mwaka mmoja wa marekebisho kwa watu binafsi, mpaka tarehe 13 mwezi wa kumi 2026. Inaombwa dola 30, ao bila malipo kwa anayekubali mipangilio ya mashini yake itunzwe ku konti ya Microsoft. Ruhusa moja inaweza kutumika ku mashini kumi za mwenye konti. Ni nzuri kwa nyumbani. Lakini inahitaji intaneti na Windows ya halali, na tuseme ukweli, hapa kwetu Windows nyingi zimewekwa na kraki. Kraki yenyewe mara nyingi ndiyo mlango wa virusi.

Ya pili: kuna mafundi wenye kulazimisha Windows 11 iingie ku mashini iliyokataliwa. Inawezekana, na inafanya kazi. Lakini Microsoft haijaahidi kwamba mashini hiyo itaendelea kupokea marekebisho. Fundi akikupendekeza njia hii, akuambie na hilo.

Ya tatu: kutoka kwa Windows na kuweka Linux, mfumo wa bure na wa halali. Ile inayoitwa Linux Mint inafanana kwa sura na Windows ya zamani, iko katika kifaransa, na inakubali mashini ya GB 4 bila kulia. LibreOffice inafungua mafishi ya Word na Excel, Audacity inakata sauti. Virusi vingi vya flashi vilivyotengenezwa kwa Windows havifanyi kitu ndani yake. Njo ile tuliyochagua ku studio.

Hatutaficha ubaya wake. Wiki mbili za kwanza tulilalamika. Emprimante yetu ya zamani ilikataa mpaka fundi alirudi. Fishi ya Word yenye meza nyingi inaweza kuhama kidogo, na kwa sekretariati inayochapa memwari za wanafunzi hiyo si kitu kidogo. Programu nyingine za hesabu za biro zinafanya kazi ku Windows tu. Kwa hiyo usiamue kwa kusikia. Linux Mint inaweza kuwaka kutoka ku flashi bila kugusa diski: ijaribu siku mbili, chapa, fungua mafishi yako, halafu uamue.

Umeme ndio adui mkubwa

Kama tungeacha hapa, tungekuwa tumetibu bila kusema kinacholeta ugonjwa. Ordinatere nyingi za kwetu haziuawi na uzee. Zinauawa na umeme wenye kupanda na kushuka, na grupe yenye kuzima gafula wakati esanse imeisha. Dola za stabilizateri, ao onduleri yenye kukupa dakika kumi za kufunga kazi, zinalinda zile 49.

Na kuna radi. Utafiti wa satelite uliotolewa mwaka 2016 uliweka Kabare, Kivu ya Kusini, ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Sisi watu wa milima ya mashariki tunaishi chini ya mbingu hiyo. Mvua ikianza kunguruma, zima na utoe fishi ya umeme ukutani, na ule waya wa intaneti pia. Stabilizateri haizuii radi.

Wakati gani kuacha

Hatusemi kila mashini iponywe. Kama karte mere imeungua, kama memori ni DDR2, kama prosesa ni ya biti 32 tu, usitie dola ndani. Toa vyenye kufaa, mengine uyaweke fasi moja. Si mutoni. Ekra kubwa za zamani ziko na risasi katika kioo chao, na kuchoma waya ili kupata shaba ni kuvutisha watoto moshi wa sumu. Toka mwezi wa kwanza 2025, mapatano ya Basel yanaomba takataka zote za elektroniki zisivuke mpaka bila inchi inayopokea kukubali. Sheria hiyo itatusaidia tu kama ku mupaka kuna mtu anayewasha mashini na kuangalia, mbele ya kuandika kwamba ni "ordinatere nzuri za masomo".

Hili linahusu pia wenye kutoa zawadi. ONG na wana wa mji walio inje wanaleta ordinatere katika masomo, tunawashukuru. Lakini prefe ako na haki ya kuuliza: ni jenerasio gani? Ziko na SSD? Kuna stabilizateri? Nani atazitengeneza? Ordinatere kumi zisizo na majibu hayo ni mzigo wa mwaka kesho. Pengine pesa ya usafiri wake ingetosha kuponya zile kumi zilizo tayari katika depo.

Kuna watu wanaona ajabu kwamba udongo wetu unatoa koltani, ambayo tantale yake inaingia katika vidude vidogo vya elektroniki duniani kote, halafu sisi tunapata mashini wakati wengine wamechoka nazo. Ni kweli, na ni neno la kuuliza wakubwa. Lakini mbele ya wakubwa kujibu, kijana mwenye turnavisi, anayeuliza maswali mbele ya kufungua, anaweza kuzuia pesa nyingi zisitoke katika kartie. Wapo katika kila mji. Wanahitaji kulipwa vizuri, na wateja wanaokataa neno "imekufa" lisilo na maelezo.

Mama wa sekretariati aliita fundi wa pili. Mashini yake ni jenerasio ya 4, memori DDR3, diski inaelekea kuisha. Amenakili mafishi ya wateja ku diski ya inje, ameagiza SSD. Kwa mfumo bado anasita: wateja wake wanataka Word. Yeye na fundi wamepatana kwamba ataijaribu Linux ku flashi mpaka mwisho wa mwezi. Minerval ya muhula imelipwa.